Vidole Kinywani mwa Travis

Kama kinywa cha mtoto kingekuwa mlango, basi bawaba za kinywa cha Travis zingeng'oka kabla mwenyewe hajatimiza mwaka. Kila mtu alipita humo. Muuza nyanya wa meza ya jirani, pale sokoni Nakawa jijini Kampala, alipita na vidole vyake vingali na majimaji ya nyanya. Muuza mukene alipita, Mungu amsamehe, na mtoto alishinda siku nzima akinuka dagaa. Mke wa mchungaji alikuja kumwombea, akainua mkono mmoja mbinguni na ule mwingine akauzamisha mdomoni mwa mtoto hadi kwenye kifundo. Wote walikuwa wakitafuta kitu kimoja kwenye fizi za mtoto wa watu, na wote walikipata.

"Maama Moreen, ebinyo hivyo," walisema, wakipangusa vidole kwenye nguo za mitumba ambazo Rosebella, mama yake Travis, alikuwa amezitundika auze. "Bambi, mutoto anakufa hivi hivi!"

Ebinyo! Kwao Rosebella, huko Kenya, wanayaita meno ya nailoni, lakini ugonjwa wa akili ni ule ule. Mtoto akihara, akipata joto, akilia bila sababu, watu husema fizini mwake kumeota meno mabaya, meupe, laini kama minyoo, na dawa yake ni moja: kuyachimba. Muuguzi wa kliniki, siku ya kupima uzito, alimweleza Rosebella kwamba yale meupe ni meno ya kweli ya mtoto ambayo hayajakomaa, na kwamba anayeyachimba anavuna mahindi yakiwa maua. Rosebella hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa na Moreen.

Moreen, bintiye wa kwanza, alikuwa na miaka sita. Alipokuwa mchanga, Rosebella aliugua akalazwa, mtoto akapelekwa kwa bibi yake kule Siaya, na aliporudishwa fizi zake za chini zilikuwa na mashimo mawili meusi. Mashimo yalipona. Chonge mbili za chini hazikuota kamwe. Sasa Moreen alikuwa msichana wa kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na kila kiganja kile kilipopanda, Rosebella alihisi mtu amemfinya ini.

Kwa hiyo Travis alipozaliwa, Rosebella aliapa. Hili la pili hapana. Huyu atakua na meno yake yote, na asiyetaka akajinyonge.

Kuapa ni rahisi. Tatizo, bibi mwenyewe alikuja.

Akech, mama yake Oketch mumewe, alishuka kutoka kwenye basi na kuku wawili, mfuko wa unga wa mtama, na nia njema kiasi cha kumchosha mtu. Alikuwa mama mzee mrefu, mkavu, mwenye pengo pana mbele. Meno sita ya chini yalikuwa yameng'olewa alipokuwa msichana, kwa desturi ya Wajaluo wa enzi zake, na aliringia pengo lile hadi leo. Kwa desturi hiyo hiyo, mama halali nyumba moja na mwanawe aliyeoa. Basi usiku alilala chumba cha jirani, kwa Marie-Louise, mwanamke wa Bukavu aliyesuka watu nywele kibarazani. Rosebella alidhani amepata bahati. Kumbe alikuwa amewapa maadui wawili kitanda kimoja cha kupangia vita.

Maana Travis, akiwa na miezi saba, alianza kuhara.

"Nyar Busia," Akech alimwita kwa upole. Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mke, kwa jina la kwao alikotoka. "Hii si tumbo. Hii ni meno."

"Mama, ni tumbo. Nimepewa dawa kliniki, ile ya unga ya kuchanganya na maji."

"Maji itatoa meno?"

Marie-Louise aliinua kichwa kutoka kwenye nywele za mteja, kitana mdomoni. "Mama Moreen, miye nakuambia kweli. Kwetu Bukavu, mtoto akiwa anahara vile, tunaangalia mu kinywa kwanza. Kaka yangu mudogo walimutoa, na leo iko mwanaume muzima."

"Ana meno?" Rosebella aliuliza.

Marie-Louise alifikiri kidogo. "Iko nayo mingi," alisema.

Jioni Oketch alirudi kutoka kiwanda cha sabuni, akala ugali wake wote, akanawa, akapiga mwayo, ndipo akasema bila kumtazama mkewe, "Mama ameongea na mtu. Kuna mama mmoja anaitwa Filda, kule Luzira. Atakuja Jumamosi."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia tu."

"Oketch, mwite Moreen hapa. Mwambie acheke."

"Usianze."

"Mwambie acheke mbele yako, halafu uniambie tena hilo la kuangalia tu."

Oketch alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kati, na mtu wa kati hupigwa na pande zote akajiona ana subira. "Yule ni mama yangu," alisema. "Amelea watoto tisa." Akajilaza, akageukia ukuta, kama kwamba ukuta ndio aliouoa.

Asubuhi iliyofuata Rosebella alitoka bafuni na ndoo, akakuta lile ambalo damu yake ilikuwa ikilisubiri. Akech alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, Travis amelazwa mapajani kichwa chini kidogo, na kidole cha yule mama, kimezungushiwa kitambaa cheupe, kilikuwa ndani ya kinywa cha mtoto kikizunguka taratibu. Kando yake kulikuwa na bakuli la maji.

Ndoo ilianguka. Rosebella alimpokonya mtoto kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono mwingine, akakitupa kitambaa ndani ya sigiri ya makaa iliyokuwa inawaka. Kilitoa moshi, kikaisha.

"Unaanza kulainisha, sivyo? Unamtayarishia Filda!"

"Nyar Busia, mimi nasafisha yeye tu. Maji na chumvi kidogo. Kila asubuhi nafanya."

"Kila asubuhi?" Sauti ya Rosebella ilipanda hadi wapangaji wakachungulia. "Kila asubuhi unatia kidole humu na mimi sijui? Sasa sikiliza, na wewe Marie-Louise sikiliza, na wote mnaochungulia hapo msikilize. Kuanzia leo hakuna mtu atakayetia kidole kinywani mwa mtoto wangu. Hakuna!"

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

"Hata kusafisha?"

"Kusafisha nini? Hana hata jino! Kinywa cha mtoto kina uchafu gani?"

Akech alitazama majivu ya kitambaa chake. Aliokota bakuli, akayamwaga maji polepole kwenye mtaro, akasema, "Sawa." Wajaluo wana maneno mengi, lakini siku ile aliona hilo moja linatosha.

Jumamosi ilifika, na Filda akafika nayo. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, amevaa gomesi safi, amebeba mkoba ambamo spoku ya baiskeli, iliyonolewa ncha, ilikuwa imefungwa ndani ya gazeti. Alimkuta Rosebella amekaa kizingitini, Travis mgongoni, mwiko wa ugali mkononi.

"Mutoto iko wapi?" Filda aliuliza kwa furaha.

"Mtoto amelala."

"Mimi hapana chelewesha. Dakika mbili tu. Hii kitu kama hapana toa, mutoto nakufa, nyinyi naanza kulia."

"Moreen!" Rosebella aliita. "Njoo. Fungua kinywa umwonyeshe huyu mama."

Moreen alikuja, akafungua, macho yake chini kwa aibu. Filda aliinama akachungulia kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine, kisha akasonya kwa masikitiko.

"Nani nafanya hii? Huyo hapana jua kazi!"

Rosebella alisimama. Aliunyanyua mwiko tu, na unga wa ugali uliokauka ukapukutika. Filda alimtazama yeye, akautazama mwiko, akakumbuka kwamba alikuwa na mtoto mwingine wa kuangalia upande wa Mbuya. Akech alimsindikiza hadi barabarani, kichwa chini, akimwomba radhi njia nzima. Mgeni wake aliitwa na kufukuzwa mlangoni pa mwanawe, na watu wa kila chumba waliona.

Ile dawa ya unga ilifanya kazi. Siku chache baadaye Travis aliacha kuhara, na baada ya hapo jino la kwanza likachomoza, la chini, jeupe kama punje ya mchele, halafu la pili, halafu ya juu yakafuata kwa mpango. Rosebella alimzungusha soko zima. "Tazameni!" aliwaambia wauza nyanya na wauza mukene. "Tazameni kwa macho. Kwa macho nimesema, rudisha mkono!" Ilikuwa siku yake, na tusimnyime. Alikuwa amepigana peke yake akashinda.

Akech alirudi Siaya baada ya hapo. Alipokuwa akipanda basi alimbusu Travis utosini, mbali kabisa na mdomo.

Sasa, kuna jambo dogo ambalo Rosebella alilifanya tangu wakati ule wa vita, wala hakuliona kuwa jambo. Mtoto akilia sokoni, watu hukusanyika, na watu wakikusanyika, vidole huja. Kwa hiyo Travis hakutakiwa kulia. Rosebella alimnunulia chupa ya kunyonyea, akaijaza ile jusi ya unga, ya rangi ya chungwa, tamu hadi koo linakwaruza, na siku ambazo jusi haikuwepo akajaza chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Travis alinyonya mgongoni asubuhi. Alinyonya chini ya meza, juu ya rundo la sweta. Alilala nayo mdomoni mchana, na usiku akishtuka Rosebella alimrudishia akiwa nusu usingizini. Na mtoto akanyamaza kweli, akawa mtoto mtulivu kuliko wote Nakawa, na mama yake akasifiwa.

Ni kweli aliona rangi. Meno ya mbele yaligeuka njano, kisha kahawia karibu na fizi. Akasema, ni jusi hiyo, itatoka. Hakumwinua mdomo wa juu kutazama vizuri, maana mtoto alizoea kwamba kinywa chake hakiguswi, na akiguswa alipiga yowe. Sheria ilikuwa imemfundisha vizuri. Na majirani je? Majirani waliona. Marie-Louise aliona kabla ya wote. Lakini nani angeufuata tena mwiko ule?

Travis alipokaribia kutimiza miaka miwili, Akech alirudi kuwasalimu, na Rosebella akapata wazo la ushindi. Atampiga Travis picha. Atampa mkwe wake aende nayo Siaya, wakaione huko mtoto wa Kampala mwenye meno kamili ambayo hayakuchimbwa na mtu. Alimvika shati jeupe alilolichambua kutoka kwenye marobota ya mitumba, akapanda naye hadi Ntinda, kwa mpiga picha mmoja aitwaye Kasim aliyekuwa na studio nyuma ya duka la vitambaa. Kasim alitikisa mwanasesere, Travis akaangua kicheko, taa ikawaka.

Wiki iliyofuata alikwenda kuichukua, Travis mgongoni. Aliitazama mara moja tu, akailaza mezani kwa kishindo.

"Umeharibu picha!"

"Naharibu namna gani, nnyabo?"

"Umempaka nini mtoto wangu kinywani? Tazama! Meno manne ya juu yote meusi, mafupi, kama magunzi. Hiyo dawa yako ya kusafishia picha imeisha nguvu. Mimi sichukui takataka hii. Utampiga tena, na leo leo!"

Kasim alikuwa mtu wa pole, mwenye kofia ya kufuma. Aliichukua picha akaisogeza kwenye mwanga. "Tazama shati, nnyabo. Iko nyeupe?"

"Nyeupe."

"Tazama macho. Ile nyeupe ya macho iko sawa?"

"Iko sawa, lakini..."

"Basi mashini yangu hapana jua kuchagua meno kupaka langi," Kasim alisema. "Fungua tu mdomo ya mutoto."

Rosebella alimgeuza Travis kutoka mgongoni. Alimsogeza hadi mlangoni penye jua na kumpinda mdomo wa juu kwa kidole gumba. Travis alipiga yowe, akatupa mateke. Rosebella hakuachia. Yale meno yake manne ya mbele, aliyoyatangaza soko zima, yalikuwa yameliwa hadi karibu na fizi, na juu ya moja fizi ilikuwa imevimba kijipu chenye ncha nyeupe.

Kuruka mkojo, kukanyaga mavi. Akaiweka picha kifuani na kutoka.

Alikuta wale wawili kibarazani. Marie-Louise anasuka, Akech anachambua mboga. Rosebella alimshusha Travis kati yao.

"Mliona?"

Marie-Louise alianza msuko mwingine.

"Nimewauliza. Mliona meno ya huyu mtoto?"

"Miye nilimuambia mama aseme," Marie-Louise alisema haraka, macho kwenye nywele. "Toka siku ile anafika nilimuambia."

Rosebella alimgeukia mkwe wake. Alikuwa na hasira ya kuvunja vyungu. Hasira hiyo ilitafuta mtu wa kumwangukia, na mtu alikuwa hapo ameketi. "Wewe ni bibi yake! Uliona mtoto anaoza, ukanyamaza? Unanilipizia Filda?"

Akech aliiweka mboga chini.

"Wewe nilikuuliza, hata kusafisha?" alisema taratibu. "Ukasema hata kusafisha. Nilikuuliza, hata mimi? Ukasema hata mimi, mama. Watu walisikia. Mimi si mtoto ya kukatazwa mara mbili."

Yule mama alikuwa amekosea, amekosea sana, na mapengo ya Moreen yalikuwa ushahidi. Spoku ile ilikuwa upuuzi, na Rosebella angeifukuza tena leo, na kesho. Lakini kitambaa kile hakikuwa spoku. Yeye alivitia vyote katika moto mmoja kwa sababu vilitoka mkono mmoja, na hilo lilimuudhi kuliko yote yaliyotangulia.

Daktari wa meno alimwona Travis asubuhi ya kesho yake. Alikuwa kijana mwenye haraka. Aliuliza kama mtoto analala na chupa. Analala nayo. Aliuliza ndani ya chupa mna nini, Rosebella akasema jusi, na chai, na daktari akavuta pumzi kwa pua. Kisha akauliza, "Na nani humsafisha meno?"

"Hakuna," Rosebella alisema. "Nilikataza."

Daktari alimtazama akidhani hakusikia vizuri. Yale manne hayawezi kuokolewa, alisema. Lazima yatoke, maana usaha ukikaa pale utaharibu na yale makubwa yanayongoja chini yake. Ya nyuma bado ni mazima, hayo yatunzwe. Basi yakatoka. Oketch, mtu wa kati, alisubiri nje. Aliyemshika Travis kichwa, akimwimbia sikioni kwa Kijaluo, alikuwa Akech, na aliyemshika miguu, amefumba macho yake mwenyewe, alikuwa Rosebella. Meno aliyoyalinda kwa mwiko yalilala kwenye sahani ya bati, na hakukuwa na mtu wa kumtupia mwiko.

Nyumbani, mvimbo ulipotulia, Travis alicheka na bibi yake. Yeye hakuwa na ya juu, bibi hakuwa na ya chini. Moreen aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza akacheka bila kufunika mdomo. Rosebella aliingia ndani.

Alipotoka alikuwa na lile shati jeupe la picha. Alilichana mkono, akakata kipande, akachemsha maji, akatia chumvi kidogo. Chupa alikuwa ameshaitupa, na Travis alikuwa ameililia siku tatu hadi soko zima likaja kuuliza. Aliketi kwenye kigoda cha mkwe wake, akamlaza mtoto mapajani, akajizungushia kitambaa kidoleni. Kikateleza. Akakizungusha tena, kikateleza tena. Alimlaza mtoto upande huu, akamlaza upande ule, mtoto akamponyoka, akamvuta kwa mguu, maji yakamwagika.

"Mama!" aliita kwa sauti ya kugombana. "Mama, njoo basi unionyeshe! Unanitazama tu?"

Akech alikuwa amesimama mlangoni kwa Marie-Louise muda wote huo. Hakusogea. "Mimi naruhusiwa?" aliuliza.

Rosebella aliinamisha kichwa. "Unaruhusiwa."

"Basi nawa mkono kwanza, nyar Busia. Umeshika mtoto na mkono ya makaa."

Alinawa. Yule mama alikuja akachuchumaa nyuma yake, akamshika kiwiko, akamwelekeza: kichwa hapa, kidole hivi, anza nyuma kwenye yale mazima, zungusha, usisukume. Kidole cha Rosebella kiliingia mahali alipovikataza vidole vyote siku ya sigiri. Kikapapasa fizi laini pale mbele palipokuwa patupu, kikapita, kikafika kwenye magego.

Travis akafunga kinywa, akamng'ata kwa nguvu zake zote.

Machozi yalimtoka Rosebella, ya maumivu na ya mengine. Marie-Louise aliinuka amsaidie kumbandua, naye akamzuia kwa mkono wa pili.

"Mwache," alisema. "Uma, baba. Uma sana. Hayo ndiyo tuliyobaki nayo."